Raba ya ndani ya meno bandia na maji: nilimlaumu mteja bure

Jana usiku nimepata voisi kutoka Lamu, bi mkubwa mmoja ananiambia "mwanangu, leo nimekula mkate wa mofa na pweza kwa meno yako." Nimeisikiza mara tatu, machozi yakanilenga, maana huyu mama nilimkosea.

Mimi ni fundi wa meno bandia. Alikuja kwangu Malindi mara ya kwanza ufizi wa chini umekwisha kabisa, meno yanamchoma. Nikamwekea ile raba laini ya akriliki, aina ya plastiki, ndani ya meno pale yanapokalia ufizi, unachanganya poda na dawa yake ya maji, kazi nyepesi, na bei yake twaijua sote. Nikamwambia usiku aloweke. Baada ya miezi akarudi na kidonda, raba imekuwa ngumu, ukiitia ukucha haipokei alama. Nikamuuliza mbele ya watu, "Mama, uliyatia maji ya moto?" Akaapa hapana. Sikumwamini. Akavuta buibui lake akatoka bila kuaga, na mkubwa wangu wa wakati ule akanisema mbele ya wanafunzi mpaka leo nikikumbuka nasikia uso umepata moto.

Basi nikataka kujua. Nikatengeneza visahani vidogo vya ile raba, ukubwa wa shilingi, nikapima kwa mzani, nikavitia kwenye gudulia la maji ya betri (yale wanauza petroli stesheni, hayana chumvi) nikaweka mahali pa joto kama la mwili. Kila wiki natoa, nafuta, napima. Wiki sita uzito karibu ule ule! Nikasema haya, raba haina neno, mama ndiye kayachemsha.

Sasa hapa ndipo wengi wetu twapotea. Nikavikausha ndani ya mkebe wenye zile pakiti za kunyonya unyevu za kwenye maboksi ya viatu, mpaka uzito ukatulia. Vikawa vyepesi kuliko siku ya kwanza. Kumbe ndani ya maji mambo mawili yanakwenda pamoja: raba inakunywa maji, na inatema kile kilainishi, plastisaiza, ambacho hakijafungwa na akriliki, kimejishikiza tu. Kinachoingia kinafunika kinachotoka, mzani unakuambia salama huku raba inakuwa ngumu. Mama alikuwa mkweli. Mate yenyewe yatosha kuifanya hivyo.

Gudulia la pili nilitia maji ya chumvi, kule raba ilikunywa kidogo kuliko kwa maji ya betri, kwa sababu chumvi ya nje inayazuia maji yasivutwe ndani sana. Mate nayo yana chumvi, kwa hivyo mwenzangu ukipima kwa maji matupu usifikiri umepima mdomo.

Raba ya silikoni ni nyingine. Haina kilainishi cha kutema kama akriliki, kwa hivyo inakaa laini muda mrefu zaidi, lakini haipendani na akriliki ya meno, lazima uipake gundi yake, na maji yakipenya pale ukingoni inaanza kuinuka na uchafu na fangasi wanaingia.

Ndugu zangu mnaotaka kufungua maabara zenu kama mimi, kausha ndio upime. Msiseme "mgonjwa kaharibu" kabla hamjakausha na kupima! Mwambie mteja aloweke kwenye maji baridi, asichemshe, asitie jiki, asugue polepole kwa brashi laini, na ile ya akriliki mwambie tangu siku ya kwanza kwamba itabadilishwa, msimfiche ili arudi kwako na kidonda. Mgonjwa mzee akiapa, mwamini kwanza. Na ile raba ya muda, ya kutuliza ufizi, hiyo ni ya siku chache tu, spiriti iliyomo inatoka upesi sana, usimwachie mtu akakaa nayo.

Nilimpigia simu nikamuomba radhi, nikamtengenezea ya silikoni bure. Sasa ni mwezi wa tisa tangu aanze kuyavaa. Mwisho wa mwezi anakuja, nitatazama ukingo wa nyuma upande wa kushoto, pale ndipo mara ya mwisho palikuwa pameanza kuinuka kidogo.