Indie ya Korea: anza na Silica Gel

Umeuliza uanzie wapi na bendi za Korea Kusini zilizo nje ya K-pop. Mimi naanza na Silica Gel, albamu yao POWER ANDRE 99 ya Desemba 2023. Gitaa zina makelele, vinanda vya umeme vinazunguka, lakini melodia haipotei hata mara moja. Wimbo wa NO PAIN usikilize kwa hedifoni, tafadhali. Kwa spika ya simu besi yote itakupita.

Kisha tafuta albamu ya AAA ya 2024, ambayo bendi za Hyukoh wa Seoul na Sunset Rollercoaster wa Taiwan waliirekodi pamoja kama bendi moja. Ni laini, inafaa safari ya usiku.

Ukipenda kitu kikali zaidi, yupo Parannoul, msanii anayeficha jina lake. Albamu ya To See the Next Part of the Dream ya 2021 aliitengeneza peke yake, ikasambaa kupitia Bandcamp, tovuti ambako wasanii huuza muziki wao wenyewe. Sauti inakwaruza, na ndiyo inayonigusa kuliko zote hizi.

Kwa upigaji wa gitaa, mfuatilie Hwang So-yoon wa bendi ya Se So Neon. Na ukifika Seoul, nenda mtaa wa Hongdae: klabu ndogo za pale zimelea bendi za namna hii tangu miaka ya 1990.