Re: Kwa nini bushi ya bronzi imepasuka wakati fundi alisema kaongeza bati iwe ngumu?

Mkuu, fundi hajakudanganya, ila kazidisha dozi. Bronzi ya kawaida ni shaba iliyochanganywa na bati (tin, siyo bati la kuezekea), na bati kweli linakaza shaba, atomu zake ni kubwa kuliko za shaba so zikijipenyeza mle ndani zinazuia matabaka ya shaba kuteleza, ndo maana bushi nyingi (vile vibomba vifupi ambamo shafti inazunguka) zinakuwa na bati kama asilimia 10 hivi. Ukipanda sana ndani inajaa vipande vya rangi ya kijivu-bluu, vigumu balaa lakini ni kama kioo, ukigonga vinapasuka. Kengele za kanisa zina bati karibu 20 mpaka 22, zinalia vizuri ila jaribu kuzipinda uone!

Risasi (lead), ambayo nayo huchanganywa kwenye bronzi za bushi, watu hawaielewi. Haiyeyukani na shaba ikishaganda, inabaki vitone vitone, haiongezi nguvu hata kidogo (inapunguza kabisa) ila shafti ikikosa oili vile vitone vinasaidia kulainisha, na kwenye kukereza inakatika poa.

Kama bushi yako inabeba mzigo mzito na maji ya chumvi, achana na bati, tafuta bronzi ya alumini, yaani shaba yenye alumini asilimia 9 mpaka 11 pamoja na chuma na nikeli kidogo, hiyo ndo inatengenezea propela za meli. Shafti yako ni ngumu kiasi gani lakini? Maana hiyo bronzi inakula shafti laini.