Usiitupe hiyo pei ya pili

Ndugu, usiitupe hiyo pei. Umeandika kwamba mkono wako wa kwanza wa majongi ya Kijapani ulikuwa na aina tisa za vigae vya kokushi muso, ule mkono adimu wa aina 13 tofauti, pei, yaani kigae cha upepo wa kaskazini, ikiwa imekuja mara mbili, na kwamba ukiupata tena mkono wa namna hiyo utatupa pei moja mapema ili usubiri vigae vyote 13, kwa sababu kuna mtu amekuambia kwamba hiyo ndiyo kokushi ya wanaojua. Maneno hayo hayo niliambiwa mwaka 2017 nilipokuwa nasoma Nagoya, Japani, nikayaamini, na yakaninyima yakumani, yaani mkono wa thamani ya juu kabisa, ya pekee niliyowahi kuikaribia.

Kokushi inataka moja na tisa za seti tatu za namba, manzu, pinzu na sozu, pepo nne, yaani ton, nan, shaa na pei, na majoka matatu, haku, hatsu na chun. Jumla aina 13, kisha mojawapo iwe na pacha wake. Asiye oya, yaani asiye mgawaji wa mkono huo, hupata pointi 32,000 na oya hupata 48,000, katika mchezo ambao kila mtu kwa kawaida huanza na 25,000. Ukiwa na aina 12 na jozi moja, unasubiri ile aina moja inayokosekana. Ukiwa na aina zote 13 bila jozi, kigae chochote kati ya hizo kinakumalizia, na baadhi ya kanuni hukuhesabia yakumani mbili. Hapo ndipo watu wanapopagawa.

Siku hiyo nilianza kama wewe, aina tisa na shaa mbili. Aliyenifundisha alikuwa mwanafunzi aliyenitangulia chuoni, mtu wa kujisifu kwamba ameshinda mezani miaka kumi, naye alikuwa amenihakikishia kwamba jozi katika kokushi ni uchafu unaoziba nafasi ya aina mpya. Kwa hiyo katika zamu ya tatu nikaitupa shaa moja, ikakaa katika safu ya kwanza ya vigae vyangu vilivyotupwa, ya tatu kutoka kushoto. Vigae vilivyofuata vilikuja vizuri kuliko nilivyostahili kutarajia, na kufikia zamu ya kumi na moja nilikuwa na aina 12 na tano moja ya pinzu isiyo na kazi. Nikavuta hatsu. Mikono ilinitetemeka, nikaitupa ile tano, nikakaa nikisubiri aina zote 13.

Naomba usome sentensi hii polepole. Kama ningeiacha shaa yangu na kuitupa ile tano mapema, hatsu hiyo hiyo ingekuwa tsumo, yaani ushindi kwa kigae nilichokivuta mwenyewe, mkono ungekuwa umekamilika mikononi mwangu, na ningekuwa nakusanya fimbo za pointi badala ya kusubiri. Nilikuwa nimeshinda, na kwa ushauri wa mtu mmoja sikujua.

Zamu ikazunguka, na mzee aliyekaa kushoto kwangu akatupa moja ya pinzu. Nikasema ron, yaani nimeshinda kwa kigae alichotupa mwenzangu, kwa sauti iliyosikika meza ya pili, nikalaza vigae vyangu. Mzee hakusema neno. Alinyoosha kidole na kukigusa kile kigae cha tatu katika safu yangu, ile shaa. Nilikuwa katika furiteni: ikiwa hata kimoja kati ya vigae unavyosubiri kimo katika vile ulivyotupa mwenyewe, huruhusiwi kuchukua kigae cha mwenzako, hata kiwe kingine kabisa. Mimi nilizoea kucheza kwenye kompyuta, ambako programu haikuonyeshi kitufe cha ron ukiwa katika hali hiyo, lakini mezani hakuna anayekuzuia kufungua mdomo. Adhabu yake Wajapani huiita chombo, na siku hiyo chombo kilikwenda mrama kweli: nikamlipa oya 4,000 na wachezaji wengine wawili 2,000 kila mmoja. Kisha mmoja wao akakifunua kigae kilichofuata ukutani, ambacho kingekuwa changu, kwa kuwa zamu iliyofuata ilikuwa yangu. Kilikuwa tisa ya sozu. Furiteni haikatazi tsumo. Ningenyamaza kwa pumzi moja tu, oya angenipa 16,000 na wengine 8,000 kila mmoja.

Sikasiriki kwa kushindwa, kwa sababu majongi ni mchezo wa kushindwa mara tatu katika nne. Ninamkasirikia mtu anayemfundisha mgeni jambo ambalo yeye mwenyewe hajalipigia hesabu. Hesabu yenyewe ni fupi: mwenye aina tisa na jozi yuko hatua tatu kabla ya kusubiri, na akiivunja jozi anarudi hatua ya nne. Zaidi ya hapo, kusubiri 13 kwa usafi kunawezekana tu kwa yule ambaye hajatupa hata kigae kimoja cha aina hizo tangu mkono uanze. Kwa hiyo anayevunja jozi ili asubiri 13 amejifungia mlango wa ron kwa mkono wake mwenyewe, siku zote, bila ubaguzi. Watu hawa hawakwambii hivyo. Wanakwambia neno "mara mbili" na wewe unaona nyota.

Basi jozi yako ya kwanza ishike mpaka mwisho. Tupa vigae vya kati kwanza, kuanzia mbili mpaka nane, vyote. Ikija jozi ya pili, hiyo ndiyo unayoweza kuipunguza, kwa sababu aina hiyo tayari unayo na huisubiri tena. Na kabla ya kusema ron, macho yashuke kwanza kwenye safu zako mwenyewe, kigae kwa kigae.

Kuhusu kuuvunja mkono, yaani kutangaza sare ili vigae vigawiwe upya, katika zamu ya kwanza kwa kuwa una aina tisa: ukiwa na tisa bila jozi, na hakuna aliyedai kigae, mimi ningeuvunja. Ukiwa na tisa na pei mbili, ningecheza, pei zote mbili zikiwa zimesimama pembeni kabisa kulia, mahali ambapo mkono hauzifikii kwa bahati mbaya.