Kura Moja Dar au Sita Msambweni?

SWALI

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Msambweni, Kwale. Nimeolewa hapa Tanga, huu mwaka wa tisa, nakaa Chumbageni. Pasipoti yangu ni ya Kenya na kibali cha kukaa ninacho. Nilijiandikisha kupiga kura kwetu mwaka 2012 kwa kitambulisho, nikapiga 2013 na 2017. Uchaguzi wa 2022 ulinikuta na mtoto wa wiki tatu, sikwenda.

Sasa 2027 inakaribia na kila mtu ana lake. Shoga yangu Mkenya asema nikajiandikishe ubalozini Dar es Salaam. Wifi yangu asema nichukue kadi ya hapa hapa, kwani nimeshakuwa wao. Mume wangu aniuliza kura ya kule ya kazi gani na mimi nimeshahama. Nishike lipi?

Mama wa Wawili, Chumbageni

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mimi nami ni mtoto wa Likoni niliyeolewa Tanga, na haya unayoniuliza nimeyalipia nauli.

Nianze na la wifi yako, maana hilo ndilo lenye hatari. Najua amesema kwa mapenzi. Lakini mpiga kura wa Tanzania ni raia wa Tanzania, na wewe bado ni raia wa Kenya. Kuolewa hakukubadilishi uraia. Ukienda kwenye daftari la hapa ukasema wewe ni raia, umesema uongo mbele ya sheria, na anayekaa nchini kwa kibali hana pa kujificha jambo kama hilo likijulikana. Ukitaka uraia wa hapa, njia ya mke wa Mtanzania kuuomba ipo. Ila ujue kwamba Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia pacha, Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Ukiuchukua wa huku, wa kule unauacha, na kura yake unaiacha pamoja nao. Mshukuru wifi, mpe chai, kadi usiichukue.

Shoga yako hajakosea. Wakenya tulio nje tulianza kupiga kura tukiwa huku huku mwaka 2013, wakati huo katika nchi nne tu: Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Mwaka 2017 ikaongezwa Afrika Kusini, na 2022 nchi zikafika 12, zikiwemo Uingereza, Marekani, Kanada, Ujerumani, Qatar na Falme za Kiarabu. Katiba yenyewe inasema haki hii itolewe hatua kwa hatua. Lakini swali ambalo watu hawaliulizi mpaka wafike kwenye meza ni hili: ukiwa nje unampigia nani? Unampigia rais peke yake. Karatasi ni moja.

Mimi niliijua tofauti hiyo kwa miguu yangu. Nilikwenda Dar kujiandikisha, kilomita 350 hivi, nikarudi. Machi 2013 nikapanda tena basi la alfajiri, nikafika ubalozini na miguu imevimba, nikapewa ile karatasi moja, nikaikunja, nikaitia kwenye sanduku. Dakika tatu hazikutimia. Nilifurahi, siwezi kusema uongo, nililia hata machozi. Ila njiani kurudi, tumepita Segera, mama yangu akanipigia simu kuniuliza nimempigia nani udiwani. Nikamwambia, mama, huku hakuna udiwani. Akanyamaza. Kisha akasema, "Basi hukupiga ya kwetu."

Hapo ndipo ninapomjibu mume wako. Kura ya kule ina kazi gani? Mwanangu, wazazi wako wako wapi? Wako Msambweni. Siku mama yako akipandwa na presha usiku atapelekwa hospitali ya Msambweni, na tangu ugatuzi uanze 2013 hospitali za kaunti ziko chini ya gavana, si chini ya rais. Dawa ipo au haipo, nesi yupo au hayupo, hilo ni la Kwale. Maji ya bomba ni ya kaunti. Shule za chekechea ni za kaunti. Na anayesimama kwenye bunge la kaunti kuusemea mtaa wenu ni mwakilishi wadi, yaani diwani, ambaye huenda umecheza naye kombolela. Anayeishi mbali ndiye anayetuma pesa ya dawa hospitali ikikosa. Mwambie mumeo hivyo, taratibu, akiwa ameshiba. Yeye ndiye atakayeombwa nauli ya kumkimbiza mama mkwe hospitali binafsi.

Kwa hiyo ramani yako inasema wazi. Kutoka hapa Tanga hadi mpakani Horohoro ni kilomita 65 hivi, lami tupu. Ukivuka uko Lunga Lunga, na Lunga Lunga iko Kwale, kaunti yenu hiyo hiyo. Utafika Msambweni kabla basi la Dar halijafika Chalinze. Na ukifika kituoni unapewa karatasi sita, kila moja na rangi yake: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi. Aliye London au Doha hana njia hii, huyo na apige ile moja na aipige kwa fahari. Wewe unayo.

Halafu una bahati ambayo mimi sikuwa nayo: hujahamisha jina lako. Mimi 2017 nilikosea vibaya. Nilikwenda Likoni nikidhani mtu akirudi kwao anapiga tu. Nikapanga foleni tangu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Nikaweka kidole kwenye mashine, ikanitafuta, karani akaniangalia kwa huruma akaniambia, "Mama, wewe uko Dar es Salaam." Nikatoka pale na kidole kikavu. Mama yangu alikuwa amekaa barazani, jirani zake wote wanaonyeshana wino, akanishika mkono akaugeuza, akautazama, akauachia. Hakusema neno. Ule mkono nauhisi mpaka leo.

Daftari lililoanzishwa 2012 linaendelea, halifutwi kila uchaguzi, kwa hiyo jina lako linatakiwa kuwepo palepale. Hata hivyo ukienda likizo Kwale, pita ofisi ya tume ya uchaguzi kwenye jimbo lenu uhakikishe kwa macho yako. Ukishawishika kuhamia Dar, huwezi kuwa pande zote mbili. Kujiandikisha mara mbili ni kosa. Na maombi ya kuhamisha yanatakiwa yafike si chini ya siku 90 kabla ya uchaguzi. Mimi nilihama kurudi Likoni mapema, na 2022 nikapiga.

Jambo la vitambulisho naomba ulisome mara mbili. Unapiga kura kwa hati ile ile uliyojiandikishia. Wewe ulitumia kitambulisho, basi pasipoti pekee haitakufaa kituoni, na kitambulisho pekee hakitakuvusha vizuri Horohoro. Beba vyote viwili, uvitie kwenye mfuko mmoja, usiku wa kuamkia safari uvitazame tena.

Uchaguzi ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Usiende siku hiyo hiyo. Nenda Jumapili, ulale kwa mama. Na tenga nauli ya safari ya pili. Mwaka 2017 kura ya urais ilirudiwa 26 Oktoba. Mwaka 2022 karatasi za ugavana za Mombasa na Kakamega zilikuwa na kasoro, tukaambiwa turudi 29 Agosti. Nilirudi. Mume wangu alinuna siku mbili, kisha akaniletea ndizi za njiani.

SWALI LA PILI, KWA UFUPI

Mwanangu wa kiume yuko Muscat, ni raia wa Tanzania. Anaweza kupiga kura ya hapa akiwa kule?

Mama, Makorora

JIBU

Hapana, dada yangu. Katiba ya Tanzania, ibara ya 5, inampa kila raia wa miaka 18 haki ya kupiga kura, lakini vituo viko ndani ya nchi tu. Hili linaniuma kwa niaba yako. Wamsumbiji, ambao babu zao wengi walikuja kukata mkonge huku kwetu, wanapiga kura wakiwa hapa Tanzania, na Bunge lao la viti 250 lina wabunge 2 wanaochaguliwa na walio nje. Sisi vijana wetu wanatujengea nyumba kwa pesa ya Muscat na karatasi hawapewi. Mwambie akija likizo aangalie kama uandikishaji uko wazi, na amwandikie mbunge wa jimbo lake kulidai hili, kwa jina lake na kwa lugha yake ya Kitanga.

Na wewe Mama wa Wawili, Agosti hiyo sisi wa Likoni tutaondoka Tanga Jumapili asubuhi. Nafasi kwenye gari ipo. Uje na mtoto, mama yako atamlea wakati uko kwenye foleni.