Kombe la bega limechomoza kama bawa: nilivyopona bila kupasuliwa

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Mdogo wako anabeba magunia ya viazi sokoni, kombe la bega la kulia limechomoza nyuma kama bawa, mkono haupandi, na majirani wanasema apelekwe kwa mzee wa kuvuta viungo "aurudishe mfupa". Unauliza kama kuna njia ya asili na mazoezi kabla hajafikiria kisu. Nimelipitia hilo hilo, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu. La kwanza kabisa: asiende kwa mzee wa kuvuta. Kwa maelezo uliyotoa, sioni mfupa uliochomoka hapo. Naona mfupa uliokosa mshikaji, kama nilivyokuwa mimi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, niko Morogoro. Likizo ya Juni 2021 nilikuwa napandisha nyumba yangu, hela ya vibarua ikakata, nikabeba saruji mwenyewe. Mifuko thelathini na kitu, kila mmoja kilo 50, yote bega la kulia, kutoka gari lilipoishia hadi kiwanjani. Usiku wa pili yakaja maumivu ya kuunguza kati ya shingo na bega, sikupata usingizi. Baada ya wiki moja hivi yakapoa, nikamshukuru Mungu nikajua yameisha.

Shule zilipofunguliwa nikanyanyua chaki niandike tarehe juu ya ubao, mkono ukaishia usawa wa macho. Hauumi sana, unagoma tu. Nikaandika tarehe katikati ya ubao, na mtoto wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, leo tunaanzia hapo?" Jioni ile mke wangu akaniona nimevua shati, nasukuma mlango wa bafu uliokaza. Akasema, "Baba Neema, simama hivyo hivyo. Hapa nyuma pametokeza, naweza kupitisha vidole chini ya mfupa."

Miezi miwili iliyofuata niliipoteza kwa kuchuliwa. Maumivu yangu yalikuwa kati ya kombe na uti wa mgongo, kwa hiyo kila aliyenishika alikanda pale pale. Nilipata nafuu ya usiku mmoja, kesho yake yale yale. Nikaumikwa pia, mara mbili. Ngozi na nyama zililegea, nililala vizuri, lakini bawa lilibaki pale pale. Sisemi haya kumdharau yeyote, nasema nilichokiona kwenye mwili wangu.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Alinisimamisha mbele ya ukuta, viganja vyote viwili ukutani usawa wa kifua, akaniambia nisukume kama nataka kuuangusha, huku ananipiga picha ya mgongo kwa simu yangu mwenyewe. Kushoto pamelala bapa. Kulia ukingo wa kombe umesimama kama mlango ulioachwa wazi. Kisha akanibonyeza ubavuni, chini ya kwapa, mahali ambapo hakuna aliyewahi kunishika, akasema, "Anayeumwa yuko huku. Anayelia yuko kule nyuma."

Maana yake ni hii. Kuna msuli unaoanzia ubavuni, kwenye mbavu nane au tisa za juu, unapita chini ya kombe na kushika ukingo wake wa ndani. Kazi yake ni kulibana kombe kwenye mbavu na kulizungusha mkono unapopanda. Mkono ukifika juu kabisa umezunguka nyuzi 180: kama 120 zinatoka kwenye kiungo cha bega, na kama 60 zinatoka kwenye kombe lenyewe. Sasa neva, yaani mshipa wa fahamu, inayoutumikia msuli huo inatoka shingoni na kushuka ubavuni ikiwa juu juu, haina nyama nyingi ya kuifunika. Mzigo mzito begani unaweza kuibana au kuivuta. Neva ikizimia, msuli unalala, kombe linakosa wa kulibana. Misuli ya katikati ya mgongo inaanza kufanya kazi isiyo yake, inachoka, inauma. Ndiyo hiyo tuliyokuwa tunaikanda.

Ukishaelewa hivyo utaona kwa nini hakuna wa kumponya kwa wiki mbili. Neva iliyoumia sana huota upya kwa kama milimita moja kwa siku. Dada yule aliniambia wengi hurudi bila upasuaji, ila ni safari ya kuanzia miezi sita hadi miaka miwili. Nilikata tamaa siku ile, lakini afadhali niliambiwa ukweli.

Mazoezi niliyopewa ni machache. Mwanzoni, msuli ukiwa umelala kabisa, nilikuwa nalala chali na kuupandisha mkono mbaya kwa kuubeba na ule mzima, ili bega lisigande. Basi. Hakuna kunyanyua kitu.

Msuli ulipoanza kuitika, zoezi mama likawa hili: unalala chali, mkono umenyooka kuelekea dari, kiwiko hakikunjwi, unausukuma juu kana kwamba unataka kugusa dari, mpaka kombe linabanduka kitandani, unashikilia kidogo, unarudi polepole. Mara kumi, unapumzika, awamu tatu, asubuhi na jioni. Nilianza mkono mtupu, baadaye chupa ya maji ya nusu lita, baadaye ya lita moja na nusu. Baada ya hapo nikahamia ukutani: viganja vimekaa kwenye khanga iliyokunjwa, unaitelezesha juu taratibu huku unasukuma ukuta. Kisha pushapu za kusimama, zile za ukutani, ila ukifika mwisho wa kunyoosha mikono unaongeza msukumo mmoja mdogo wa kulipeleka kombe mbele. Huo msukumo mdogo wa mwisho ndio zoezi lenyewe. Kwa misuli ya nyuma nilifunga tyubu ya baiskeli kwenye nguzo ya dirisha nikawa navuta viwiko nyuma.

Sharti moja, na hili nalisisitiza: bawa likichomoka katikati ya zoezi, umezidisha, rudi hatua moja. Mke wangu alikuwa anasimama nyuma yangu na kusema "limetoka" au "limekaa". Marudio matano kombe likiwa limekaa yana faida kuliko hamsini likiwa nje.

Ya asili mengine yana nafasi yake. Taulo la maji ya moto kwa robo saa kabla ya mazoezi lilinilegeza sana. Kuchuliwa kidogo kwa mafuta ya nazi au ya karafuu usiku kulinisaidia kulala. Kulala nilikuwa nalalia ubavu mzima, mkono mbaya umepumzika juu ya mto mbele ya kifua.

Ila bega hilo lisibebe mzigo. Hapa najua nakugusa pabaya, kwa sababu magunia ndiyo ugali wake. Ongeeni na wenzake sokoni awe upande wa toroli au wa kupima mizani kwa miezi hii. Akiendelea kutwisha gunia pale pale, mazoezi yote haya ni kupoteza muda.

Mimi miezi mitatu ya kwanza sikuona kitu. Mwezi wa tano wa mazoezi chaki ilivuka macho. Mwezi wa tisa niliandika tarehe juu kabisa ya ubao, nikashuka nikakaa kwenye kiti kwanza.

Kabla ya yote, lazima apimwe na mtu anayejua. Kuna bawa la aina nyingine, ambapo bega linaning'inia na kombe linakimbilia nje badala ya kwenda kwenye uti wa mgongo. Hilo ni neva nyingine, hasa kama aliwahi kupasuliwa au kutolewa uvimbe shingoni, na mazoezi yake ni tofauti. Hospitali asichelewe kama ilianza kwa ajali, kama vidole vina ganzi au mkono umeisha nguvu, kama ana homa, kikohozi kisichoisha au anapungua uzito. Maumivu ya mgongoni yanayokuja na kifua kubana na jasho ni ya kukimbizwa saa hiyo hiyo, huenda ni moyo. Na yale ya chini ya kombe la kulia yanayokuja baada ya chakula chenye mafuta, mara nyingine ni kibofu cha nyongo.

Na upasuaji msiuogope kama laana. Ukipita mwaka au miwili bila mabadiliko, madaktari huweza kuhamisha sehemu ya msuli wa kifua ikashika kazi ya ule uliolala. Lakini huko ni mbali, bado hamjafika.

Leo jioni msimamishe mbele ya ukuta, asukume, mpige picha ya mgongo pande zote mbili zionekane, uandike tarehe. Piga nyingine kila mwezi, mahali pale pale, na zote aende nazo kliniki.