Kabla ya Kuilaumu Programu ya Kurekodia Nyumbani

Kila anayerekodi muziki nyumbani hufika siku akaichukia programu yake. Mwimbaji yuko mbele ya maiki, biti inakwenda vizuri, lakini sauti yake inamrudia kwenye hedifoni ikiwa imechelewa, naye anaanza kuburuta mdundo. Mara nyingine unataka kunasa gitaa na sauti kwa pamoja, na programu inakubali traki moja tu, yaani mkondo mmoja wa sauti, kwa wakati. Kwa muda ambao nimewarekodi wenzangu chumbani, nimezoea kujiuliza jambo moja kabla ya kutia mkono mfukoni: kikwazo hiki kimewekwa na mtengenezaji wa programu, au kinatokana na mipangilio ya kompyuta yangu?

Uchelewaji wa sauti, ambao ndio unaowakera wengi, mara nyingi hutokana na mipangilio. Kompyuta huikusanya sauti kwanza kwenye bafa, yaani hifadhi ndogo ya muda, kisha huichakata kwa mafungu. Bafa ikiwa ya sampuli 1024 (sampuli ni kipimo kimoja kidogo cha sauti), na kasi ikiwa sampuli 44,100 kwa sekunde, fungu moja huchukua takriban milisekunde 23. Na kwa kuwa sauti hupitia bafa ikiingia na ikitoka, mwimbaji hujisikia akiwa nyuma kwa milisekunde 46 au zaidi. Shusha bafa hadi sampuli 128, na kila fungu litachukua chini ya milisekunde 3. Kompyuta dhaifu itaanza kukatakata sauti, kwa hiyo zima plagini nzito (programu ndogo za madoido) wakati wa kurekodi, hasa limita, ile inayozuia sauti isipite kiwango, iliyo kwenye traki kuu, kwani limita nyingi huizuia sauti kidogo ili zione kilele kinachokuja. Ukifika kwenye kuchanganya sauti, pandisha bafa tena, maana hapo uchelewaji haumsumbui mtu. Anayetumia Windows ahakikishe pia kwamba ameweka draiva ya ASIO, yaani programu inayoiunganisha kompyuta na kadi yake ya sauti (kifaa kinachochomekwa maiki na ala), kwa sababu draiva za kawaida za mfumo huongeza kuchelewa. Na kama kadi yako ina kitufe cha kumsikilizisha mwimbaji moja kwa moja, kitumie: sauti humfikia bila kupitia kompyuta kabisa, ingawa atajisikia mkavu, bila mwangwi wala madoido.

Kikwazo cha traki moja ni cha aina nyingine, kwa kuwa hicho kimewekwa makusudi ili ununue toleo kubwa. Hata hivyo, kina upenyo. Programu niliyoanza nayo ilikataa kurekodi traki mbili kwa mpigo, lakini haikukataa traki moja ya stirio, yenye upande wa kushoto na wa kulia. Nilichomeka maiki ya mwimbaji kwenye tundu la kwanza la kadi na gitaa kwenye la pili, nikachagua matundu yote mawili kuwa chanzo cha traki hiyo, nikarekodi. Sauti ikakaa kushoto na gitaa kulia. Baada ya hapo niliitenganisha traki kuwa mbili za mono, yaani za upande mmoja mmoja, nikazirudisha zote katikati, na kila moja ikapata plagini zake. Gitaa likirekodiwa kwa maiki badala ya waya, sauti ya mwimbaji itavuja kwenye maiki hiyo, hivyo mweke mwimbaji mbali kidogo na umgeuze asiielekee.

Idadi ndogo ya traki hainisumbui sana. Katika miaka ya 1960, studio za Abbey Road jijini London zilirekodi kwa mashine za traki nne, na mafundi waliunganisha traki zilizojaa ili kupata nafasi. Nawe unaweza kuziunganisha sauti za kiitikio kuwa faili moja ya WAV, mradi uitoe kuanzia mwanzo kabisa wa wimbo ili ikae mahali pake ukiirudisha, na uhifadhi nakala ya mradi wa awali, kwani ukishaunganisha huwezi tena kumpunguza mwitikiaji mmoja peke yake.

Palipo na ukuta kweli ni kwenye matundu ya kadi. Ngoma zinazohitaji maiki nne haziingii kwenye kadi ya matundu mawili, na toleo ghali la programu halitaongeza hata tundu moja. Kama fedha yako inatosha kitu kimoja tu, nunua kadi.