Mapovu hutoka ndani ya mbao, si kwenye kukoroga

Mapovu yanayoibuka muda mrefu baada ya epoksi (utomvu wa kuchanganya sehemu mbili, unaoganda na kuwa mgumu) kumiminwa juu ya vibao vya mwembe vya kuwekea vikombe ni hewa iliyomo katika vinyweleo vya mbao, ambayo hutanuka joto linapopanda na kutafuta njia ya kutokea juu. Mapovu ya kukoroga huonekana mapema na hupasuka ukiyapitishia moto kidogo. Dawa ya mapovu yatokayo kwenye mbao, kama watengenezaji wengi wa epoksi wanavyoelekeza, ni kupaka kwanza utando mwembamba kwa brashi, kingo zikiwemo, na kuuacha mpaka unate kidoleni bila kukichafua, ndipo umimine tabaka nene. Kwa hali ya hewa yetu ya Mombasa ni afadhali kumimina jioni, kwa kuwa mbao inayopoa huvuta hewa ndani badala ya kuisukuma nje, na mbao yenyewe lazima iwe kavu kabisa. Msimu wa masika huenda ukakuta utando kama wa mafuta juu ya epoksi iliyokwisha kuganda: uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kabla ya kupiga msasa, maana ukiusaga utausambaza tu.

Angalizo ni kwamba epoksi nyingi za kawaida huanza kulainika kwenye nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi, kwa hiyo kikombe cha chai iliyotoka jikoni kinaweza kuacha alama ya duara hata kama kazi ni safi. Soma kiwango cha joto kilichoandikwa kwenye kopo kabla ya kununua.